Teta, Kuhusu Ile Simu ya Kazi

Mwanangu Teta,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Kicukiro kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako yuko chumbani anagombana na begi lako. Amelifunga kwa kamba, amelifungua, analifunga tena, utadhani linakwenda Dar es Salaam juu ya paa la basi. Nimemwambia begi lina zipu. Amenijibu kwamba zipu ni za watu wasiosafiri. Nimemwacha.

Mambo ya chandarua, ya kutokula ovyo njiani, ya kutoweka pasipoti na pesa mfuko mmoja, hayo yote ameshakuambia yeye, na atakuambia tena kesho asubuhi pale kituoni Nyabugogo mbele ya abiria wenzako mpaka utamani basi liondoke. Mimi sitayarudia. Mimi nataka kujibu swali lako la juzi.

Juzi tukiwa tunakula ulituambia kampuni imekuandikia kwamba ukifika utapewa simu ya kazi. Laini wanalipa wao, intaneti wanalipa wao, barua pepe ya ofisi imeshawekwa ndani, na wangependa uwe unapatikana hata baada ya kazi. "Naweza pia kukataa," ulisema, "nikawa nasoma barua zao palepale ofisini. Lakini sijui watanionaje." Kisha ukanitazama mimi, si baba yako. "Mama, ungekuwa wewe?" Na mimi, mwenye mdomo ambao mtaa mzima unaujua, nikasema, "Chukua, si bure?" nikainuka kwenda kuosha vyombo. Zamu yenyewe ilikuwa ya kaka yako Manzi, ambaye alishangaa lakini hakunizuia.

Ulijua nimekwepa. Nilikwepa kwa sababu jibu langu ni refu, na linapita mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kukaa tukazungumza. Nikilisema kwa mdomo nitalia, nawe utalia, kisha baba yako atatoka chumbani na kamba yake mkononi kuuliza nani amekufa. Afadhali niandike.

Nianzie Batsinda, dirishani.

Ulikuwa mdogo tulipohamia pale. Nyumba bado ilikuwa inanukia saruji na rangi, na tulikuwa tunaishi kwa kubanana, lakini ilikuwa yetu. Mtandao wa simu ulikuwa unashika sehemu moja tu ya nyumba, kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni, pale baba yako alipokuwa ameweka redio yake. Redio ikahamishwa, akanuna siku nzima, simu yangu ikakaa pale. Ilikuwa simu ya kwanza nyumbani kwetu yenye intaneti ya maana. Baba yako naye alikuwa na ile kompyuta nzito aliyouziwa na mwalimu mwenzake. Siku moja mtu wa kazini akanionyesha kwamba simu inaweza kuigawia kompyuta intaneti yake bila waya wowote. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeokota dhahabu.

Haikupita muda salio likaanza kuyeyuka. Naweka vocha asubuhi, jioni hakuna kitu. Ndipo nikakuchukua, ukiwa bado na sare za shule, tukaenda Gisimenti kwenye duka la kampuni ya simu, lile lililokuwa limebanwa kati ya baa na mahali pa nyama choma. Nilikununulia sambusa ili ukae kimya, maana nilikuwa nimekwenda kugomba.

"Mama, intaneti uliyonunua ni ya simu," yule kijana wa dirishani aliniambia. "Ukiipeleka kwa kompyuta, hiyo ni huduma ingine. Iko na bei yake."

"Lakini ni ileile niliyonunua."

"Ni ileile."

"Sasa nalipa nini?"

"Unalipa kugawa."

Nikamuuliza: nikinunua jerikeni ya maji, muuzaji akaniona nawamiminia wanangu kwenye vikombe, atanifuata mpaka nyumbani anidai bei ya vikombe? Foleni nzima ikacheka. Yule kijana naye akacheka, maskini, si yeye aliyepanga bei. "Mama, hata mimi nyumbani ninalipa," alisema. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya sketi yangu, mafuta ya sambusa yote kwenye kitambaa, unanivuta tuondoke. Niliwaambia kwamba wakipewa hewa wataiuza kwa pumzi. Kisha nikafungua mkoba nikalipa, maana baba yako alikuwa anangoja ramani zake za Jiografia.

Kifurushi hicho cha kugawa nilikuwa nakinunua cha jioni peke yake, kwa sababu ndicho nilichokiweza. Kilikuwa kinaanza jua likizama na kuisha wakati wa kulala. Basi kila mwenye shida yake ya intaneti ilibidi aje saa hizo, na ilibidi aje palepale, kwa sababu ukienda hata jikoni mtandao ulikuwa unakuacha. Ndivyo lile jamvi la chini ya dirisha lilivyopata wenyewe. Baba yako akiwa na kompyuta yake magotini. Manzi na mpira wake. Wewe na zile video za kusuka nywele, ambazo ulikuwa unazifanyia majaribio kichwani kwangu nami sijui kinachoendelea.

Na Mama Zuhura. Unamkumbuka vizuri Mama Zuhura, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekulia Biryogo kwa Waswahili na aliyekuwa haongei na mtu Kinyarwanda kama Kiswahili kipo. Alikuwa hagongi mlango. Ulikuwa unaisikia kwanza sauti.

"Mama Teta, bonsoir! Interineti iko?"

"Iko, karibu."

"Nakuja kuangaria ile gauni ya bibi arusi. Dakika kidogo tu."

Dakika kidogo zilikuwa zinaishia kwenye chai, na chai inaishia kwenye habari za mtaa. Gauni lenyewe lilikuwa linafunguka kwa mafungu, kwanza kichwa cha bibi arusi, kisha mabega, kisha linakwama kiunoni, nasi wote tunaanza kubishana kuhusu sehemu iliyobaki. Baba yako alikuwa anapiga kelele kwamba mtu yeyote asifungue picha mpaka mto Kongo umalize kuingia kwenye ramani yake. Manzi alikuwa anafungua kwa siri. Mto Kongo ukikatika katikati, tunamtafuta mchawi. Nakumbuka siku uliyokataa kuosha miguu kabla ya kukaa jamvini, nikabadilisha neno la siri la intaneti nikaweka "oshamiguu", na hukulipata mpaka ulipotoka bafuni umenuna, miguu inadondosha maji. Mama Zuhura alicheka mpaka akasahau gauni.

Teta, nazikumbuka zile jioni kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Wakati ule nilikuwa nalalamika kila siku kuhusu ile ada. Nilikuwa nawaita wezi. Sikujua kwamba ukata wetu, na ubahili wao, ndio uliokuwa unatukalisha pamoja. Siku hizi kugawa hakuna gharama ya ziada, unabonyeza tu. Lakini Manzi ana bando lake yuko chumbani kwake, baba yako ana lake, nami nina langu niko jikoni. Tunatumiana meseji chakula kikiwa tayari. Wiki iliyopita Manzi alinijibu kwa kidole gumba cha manjano, na alikuwa nyuma ya ukuta.

Sasa nikuambie ada ya pili. Hii sikuilalamikia hata kidogo, na ndiyo ninayotaka uisikie.

Unajua kazi yangu, ya kutoa mizigo ya wateja forodhani, kule kwenye maghala ya Gikondo. Miaka ile nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya mawakala wa ofisi yetu. Nilipata kazi si kwa sababu walivutiwa na vyeti vyangu. Nilipata kwa sababu madereva walikuwa wanatoka Dar, na mimi nilikulia Karagwe, nilikuwa naongea nao Kiswahili chao wanacheka, wananiambia ukweli kuhusu lori limeharibika wapi. Wenzangu Kiswahili chao kilikuwa cha "gari iko iko njia". Ndivyo nilivyoingia, mbeba karatasi anayejua kuongea na madereva.

Kisha kampuni ya simu ikaleta huduma ya kupokea barua pepe za ofisi kwenye simu ya mkononi. Si kila simu, ile yenye vitufe vidogo kama punje za mtama na kitaa chekundu kinachowaka barua ikiingia. Ilikuwa na ada yake ya kila mwezi, juu ya ile ya intaneti. Bosi alikuwa nayo. Wateja wakubwa walikuwa nayo. Ofisi haikunipa. Nikanunua simu ya aina hiyo badala ya ile ya zamani, na ada nikajilipia.

Nilivyolipa kwa furaha! Kijana wa Gisimenti alingoja nimgombeze, hakusikia neno. Jioni ya kwanza nakoroga maharage, nikaona kitaa kimewaka kule dirishani. Mteja wa Dar anauliza mzigo wake. Nikakimbilia dirishani nikamjibu mwiko ukiwa mkono mmoja. Akarudisha: "Asante sana dada, uko chapchap kweli." Nilimsomea baba yako yale maneno, kisha nikaenda nikamsomea Mama Zuhura, ambaye aliuliza kama huyo mteja ameoa.

Sitaki unione mjinga, Teta. Jaribu kunielewa. Karagwe nilikulia nikiulizwa na watu tutarudi kwetu lini. Tukarudi kwetu, watu wa hapa wakacheka Kinyarwanda changu, wakaniita Mtanzania. Kote nilikuwa mtu wa kusogea pembeni wengine wapite. Kisha kitu kidogo mfukoni kinawaka, na maana yake ni kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye hawezi kuendelea na kazi yake mpaka mimi niseme neno. Nilikipenda kile kitaa. Nasema kweli, nilikipenda.

Lakini simu ilikuwa moja. Ileile iliyokuwa inakaa dirishani kuwagawia ninyi intaneti ndiyo iliyokuwa inawaka kwa ajili ya ofisi. Kitaa kikiwaka, naichukua natoka nayo nje, kwa sababu jamvini kelele, nami nataka kumwandikia mteja Kiingereza kilichonyooka. Nikitoka nayo, wote mnakatika. Mto Kongo unasimama. Gauni linabaki bila miguu. "Mama, rudi!" mnapiga kelele, mwanzoni mnacheka, nami nacheka huko nje gizani, nasema nakuja, nakuja.

Mkaita hivyo kwa muda. Kisha baba yako akajinunulia modemu yake ya kampuni nyingine, akahamia chumbani. Mama Zuhura akapata simu yake, hongera zake, akawa anaangalia magauni kwake. Manzi akaanza kwenda kwa rafiki yake. Wewe ndiye uliyebaki jamvini mwishoni, unangoja nirudi na intaneti, na mara nyingine nikirudi nakukuta umelala palepale. Nilikuwa nakubeba. Nilikuwa najiambia nafanya hivi kwa ajili yako, na sehemu yake ni kweli: zile barua ndizo zilizonipandisha kutoka mbeba karatasi mpaka wakala kamili, na mshahara huo ndio uliokupeleka shule ya bweni. Sitasema malori yalikuwa shetani. Malori yamekusomesha.

Sasa ile visiti.

Shuleni kwenu simu zilikuwa marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo siku ya kutembelewa ndiyo iliyokuwa simu yetu mimi na wewe. Baba yako alikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikaja peke yangu. Nilikuwa nimekupikia isombe, majani ya muhogo kwa karanga, kuku, na chapati nilizofunga kwa taulo zisipoe. Ulinikimbilia. Ulikuwa umerefuka tangu mwezi uliopita, na nilifurahi mpaka nikaona haya. Tukakaa kwenye benchi karibu na uwanja, na hata sijafungua chakula ukasema, "Mama, nina kitu nataka kukuambia."

Na kitaa kikawaka.

Lori la mteja wangu mkubwa lilikuwa limezuiliwa mpakani Rusumo, namba ya gari kwenye karatasi moja haikufanana na iliyo kwenye nyingine. Nikasema, "Subiri mwanangu, kidogo tu." Nikatoa kompyuta kwenye mkoba, nimekuja nayo visiti kama mwenda wazimu, nikawasha intaneti ya simu. Mtandao ukawa unakuja na kutoka. Wewe ndiye uliyegundua kwamba simu ikiinuliwa juu unashika. Ukapanda juu ya benchi, ukainyoosha juu kwa mkono.

"Hapohapo," nilikuambia. "Usishushe."

Hukushusha. Ulikuwa unabadilisha mkono ukichoka. Wenzako walikuwa wanapita na wazazi wao, wanakusalimia, na wewe unawajibu ukiwa huko juu. Mimi naandika, narekebisha, natuma, inakataa, natuma tena. Mara moja niliinua macho nikaona vidole vyako vimekuwa vyeupe kwa kushika. Nikarudisha macho kwenye kompyuta. Barua ilipokwenda, nilipiga makofi. Kengele ikagonga palepale.

Nilikukumbatia nikasema, "Umenisaidia sana leo." Ukaitikia, "Yego, Mama." Ukachukua chakula kikiwa bado kwenye taulo lake, ukaenda bwenini. Nilikuwa nimeshafika Kayonza kwenye basi ndipo nikakumbuka kwamba kulikuwa na kitu ulitaka kuniambia.

Mwezi uliofuata nilikuuliza. Ulisema umesahau. Hukuwa umesahau, mwanangu, ulikuwa umemwambia mtu mwingine, au umejitatulia mwenyewe. Sikuulizi tena leo. Ni chako.

Lile lori lilifika Gikondo. Nilimkuta dereva anakunywa chai kwenye kivuli cha gari, nikaanza kumsimulia jinsi nilivyopambana Jumapili nzima. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Dada, mbona ulihangaika hivyo? Mimi nilikuwa nimeshalala. Nimetoka Kahama sijapumzika, hata ungenitumia karatasi za dhahabu nisingewasha gari kabla ya asubuhi." Akanikaribisha chai. Nilikaa pale nikanywa, sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilikuwa nakuona wewe juu ya benchi.

Ningependa kukuambia kwamba kesho yake nilibadilika. Sivyo. Niliendelea na kitaa changu kwa muda mrefu tu, nikiapa kila jioni kwamba hii ndiyo ya mwisho. Kilichonifikisha Gisimenti hatimaye ni jambo dogo. Ulikuja likizo, na jioni hiyo nilikuwa nimejisikia vizuri, nikaiweka simu dirishani kama zamani, nikatandika jamvi, nikakuita. Ulitoka chumbani ukaona. Ukaniambia kwa upole sana, "Usijisumbue, Mama, nina laini yangu." Ukarudi ndani.

Nilikaa pale jamvini peke yangu, mtu mzima na miguu yake imenyooka, intaneti imejaa sebule nzima haina mtu wa kuitumia. Asubuhi nikaenda Gisimenti kuiondoa ile huduma ya barua pepe. Yule kijana hakuwepo tena, alikuwepo msichana mwenye miwani.

"Mama, mbona unaitoa? Hupendi service yetu?"

"Naipenda sana."

"Sasa?"

"Itoe kabla sijabadili mawazo."

Alibonyeza kompyuta yake, kitaa changu kikaisha. Ofisini bosi aliniita. "Mama Teta, mteja akikutafuta jioni?" Nikasema atanikuta asubuhi. "Wenzako wanapatikana." Nikasema nalijua hilo. Hakunifukuza, hakunitukana. Ila cheo cha mkuu wa ofisi kilipokuwa wazi alipewa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, tangu jinsi ya kushika faili. Iliniuma, Teta. Nililia bafuni nimefungulia maji ili baba yako asisikie, na alisikia, maana maji ya Batsinda yalikuwa hayatoki siku hiyo na mimi nilikuwa nimefungua bomba kavu. Alikuja akakaa nje ya mlango akaanza kusoma gazeti kwa sauti. Ndivyo alivyo.

Kwa hiyo unaponiuliza watakuonaje, jibu ninalo, nimeliishi. Watakuona mchapakazi ambaye hapandi haraka. Watakupenda na watampandisha mwingine. Labda huko kwenu mambo yatakuwa tofauti, ninyi mmesoma, na hiyo kompyuta yako ni kazi ambayo mimi hata kuieleza kwa Mama Zuhura nashindwa. Sijui. Nakuambia la kwangu.

Na kuna tofauti moja inayonitia wasiwasi. Mimi ile ada nilikuwa nailipa mwenyewe. Kila mwezi nilikuwa natoa pesa mkobani, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa najua kuna kitu nanunua, na hatimaye nilijua pa kwenda kukirudisha. Wewe utapewa mkononi na tabasamu, kwenye boksi zuri. Hakuna dirisha la Gisimenti la kwenda kugombea.

Uliniuliza ningekuwa wewe. Haya. Ningekuwa wewe, ningewaambia asante, barua zenu nitazisoma ofisini. Ningesema hivyo siku ya kwanza, kwa adabu, kabla hawajanizoea, kwa sababu baada ya miezi sita nisingeweza. Na ningesema nikiogopa. Hilo ndilo jibu ambalo lingetoka kinywani juzi kama nisingekimbilia vyombo.

Lakini wewe si mimi. Una miaka ishirini na kitu, una njaa ya kazi, na najua raha ya kuhitajika ilivyo tamu. Ukiichukua simu yao sitakununia. Nitaelewa kabisa, pengine kuliko mtu mwingine yeyote katika dunia hii. Ninachoomba ni kwamba ukichukua, uichukue ukijua ni nini, si kwa sababu mama yako alisema ni bure.

Kesho utapita Rusumo. Miaka yote hiyo nimepaandikia pale barua nyingi kuliko nilizowahi kumwandikia binadamu, na pale penyewe nimepavuka mara chache tu. Mara ya kwanza nilikuwa nakuja huku na mama yangu, tumebeba magodoro. Maji ya Kagera yanaanguka chini ya daraja, yanapiga kelele na kurusha ukungu. Basi likisimama, shuka uyatazame. Wenzako wa basi watakuwa wameinamia simu zao wanabadilisha laini. Na Dar wakikucheka ukisema "iko", wacheke tu mpaka kicheko kiwaishe. Kiswahili chako nilikupa mimi, na cha Mama Zuhura uliongeza mwenyewe.

Nasikia baba yako amenyamaza huko chumbani, nadhani begi limemshinda. Niharakishe.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ni gumu kwangu kuliko yote niliyoandika. Ofisi yako haitakuwa peke yake inayotaka upatikane jioni. Kuanzia kesho mimi ndiye nitakayekuwa nakutafuta. Najijua. Jua likizama nitakuwa na simu mkononi nikitafuta sababu: umekula, mvua inanyesha huko, Manzi amesema nini. Nitakupigia hata nikiwa sina la kusema. Na wewe utapokea, kwa sababu ulilelewa kusimama juu ya benchi na mkono juu mpaka mama amalize.

Usifanye hivyo, Teta. Ukiwa umekaa na watu, mnakula, au kuna mtu amekuambia "nina kitu nataka kukuambia," na jina langu likatokea, usipokee. Msikilize huyo aliye mbele yako mpaka amalize. Mimi nitakaa hapa simu ikiita, ikiita, mpaka ikatike yenyewe. Baba yako ataniuliza, "Vipi, hapokei?"

Nitamwambia hapokei, yuko na watu.

Ni mimi,
Mama